Bibi Harusi Kwenye Ngazi

Nimewahi kulia mbele ya chenga za televisheni, na si mara moja. Kwa hesabu yangu ni mara tisa. Wifi yangu anasema ni kumi na moja, na kwa kuwa alikuwa anakaa benchi la nyuma yangu huenda aliona vizuri zaidi. Lakini sikulia peke yangu. Kibanda kizima cha video kilikuwa kinalia, wanawake wa Ujiji tumebanana, macho yote kwenye kioo ambacho hakikuwa na kitu isipokuwa vile vidoa vyeupe na vyeusi vinavyochemka, na mlio wa shhh kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Niliishia darasa la saba, na haya nayaandika kwenye kurasa zilizobaki za daftari la kemia la binti yangu, kwa hiyo sina hakika kama nimeanzia pale panapotakiwa. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Kibanda kilikuwa cha matofali mabichi, bati juu, jenereta nje. Jumapili saa nane mchana ilikuwa zamu ya wanawake, na sisi tulitaka picha moja tu, ya Kihindi. Mkanda wenyewe uliletwa kutoka Bujumbura, ndani ya mzigo wa vitenge, kwa boti. Ilikuwa hadithi ya binti wa tajiri mwenye kiwanda cha sukari, anayependana na kijana asiye na kitu. Baba yake anataka aolewe na daktari aliyesoma Ulaya. Wanaimba kwenye mvua, wanaimba kwenye treni, wanaimba kando ya mto, na mvua ikinyesha tena wanarudia wimbo ule wa kwanza. Ilikuwa inakwenda kwa saa tatu nzima, na tulitoka pale tumekauka koo kama tuliokuwa tunaimba ni sisi.

Kihindi tulikuwa hatukijui. Kwa hiyo kulikuwa na mtafsiri. Alikuwa kijana mwembamba, Mha wa kutoka huko juu upande wa Kasulu, anakaa juu ya dumu kando ya televisheni, ameshika maiki, na kitambaa cha kufutia jasho kimelala begani. Alitafsiri watu wote. Baba wa kiwanda alimpa sauti nzito yenye lafudhi ya kwao. Mama alimpa sauti ya muuza mawese aliyeibiwa kipimo. Daktari alimtafsiri kwa puani, mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo tulimchukia kabla hajafanya kosa lolote. Na steringi, yule kijana maskini, alimpa sauti yake mwenyewe.

Kihindi na yeye alikuwa hakijui. Hilo leo naliandika kwa urahisi, lakini wakati ule hakuna aliyeuliza, maana hakuwa anasita. Kuna mahali steringi anasimama kwenye chumba chenye maiki kubwa ya kuning'inia, anaimba. Mtafsiri alituambia kijana ni fundi redio na hapo anaijaribu maiki aliyotoka kuitengeneza. Tuliona ni sawa kabisa. Yeye mwenyewe siku za kazi alikuwa anajifunza ufundi redio kwa mtu mmoja pale sokoni.

Sasa, mkanda ule haukuwa na mwisho. Deki iliutafuna, ukakatwa kwa wembe na kuungwa kwa selotepu, na kipande cha mwisho kikapotea. Tulikuwa tunafika hadi siku ya harusi. Bibi harusi amevaa nyekundu, yuko juu ghorofani, anasikia wimbo wa kijana kutoka nje, anasimama kwenye ngazi, ananyanyua mguu mmoja. Hapo hapo chenga.

Mtafsiri hakuzima. Aliziacha chenga zikichemka, akasogeza maiki karibu na mdomo, akatusimulia kilichobaki. Anashuka. Anavua viatu na kuviacha juu, anashuka peku, ngazi moja, ngazi ya pili, wageni wamenyamaza. Daktari anasema kitu kwa puani, hakuna anayemsikiliza. Baba anamzuia mlangoni, binti anamwambia maneno ambayo hata leo wanawake wa rika langu wanayajua kwa moyo, baba anaanguka magotini, mlango unafunguliwa. Robo saa nzima. Ndipo tulipokuwa tunalia.

Mtu akiuliza amejuaje, alikuwa na jibu. "Niliona kwa macho yangu, Bujumbura, kabla mashine haijautafuna."

Wakati huo mimi nilikuwa nimeposwa. Aliyenitaka alikuwa kijana wa Ilagala mwenye mitumbwi miwili ya mashine, mfanyabiashara wa dagaa. Nataka nimtendee haki. Hakuwa mzee, hakuwa mlevi, hakuongea kwa puani. Alipokuja kwetu alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa, na mama yangu, ambaye kwao ni watu waliovuka ziwa na hawaridhiki upesi, alisema mara moja tu: "Huyu kalelewa." Kosa lake pekee lilikuwa kwamba nilikuwa nimeitazama ile picha mara tano.

Nilipewa wiki moja ya kufikiri. Jumapili yake nikaenda kibandani, na watu walipotoka nikabaki. Mtafsiri alikuwa anakunja nyaya.

"Kaka, samahani," nikamwambia. "Kweli anashuka?"

"Nani?"

"Bibi harusi. Pale kwenye ngazi."

Akaacha nyaya. "Anashuka, dada. Nimeona kwa macho yangu."

"Na viatu?"

"Anaviacha juu. Anashuka peku."

Nilirudi nyumbani nikakataa posa. Mtafsiri hakuniahidi chochote, hilo lieleweke. Hata jina langu hakulijua siku ile. Aliniposa baada ya kama mwaka na nusu, kwa taratibu zote, na wazee wake walipiga makofi ya salamu ya Kiha kwa kirefu hadi mama akaniuliza jikoni kama watu hawa wamekuja kuposa au kusalimia tu. Lakini kama angenijibu "sijui, dada, mkanda umekatika," nadhani leo ningekuwa Ilagala. Nadhani. Mtu akijieleza mwenyewe huwa anajipamba.

Tumezaa watoto wanne. Mume wangu akawa fundi redio kweli, kisha fundi simu, na sauti yake imekwisha, imebaki ya kukwaruza kama mtu anayefukuza kuku akiwa amelala. Kibanda hakipo tena. Lakini hapa Katubuka na hata Bangwe watu bado wanamwita Mtafsiri, na wanawake wenye wajukuu wakikutana naye wanamwuliza, "Shemeji, anashuka hashuki?" na yeye anajibu, "Anashuka peku." Hana cheo kingine. Ana kile tu.

Kijana wa Ilagala naye aliendelea. Alipokufa mama yangu alikuja msibani, akakaa siku zote tatu, akachimba kaburi akiwa na shati lake zuri. Mke wake ni mtu mkarimu. Nayaandika haya kwa sababu kuna siku natamani kuyaruka.

Mwaka huu binti yetu wa mwisho, aliyemaliza kidato cha nne, akaipata ile picha kwenye simu. Nzima. Hakujua ameshika nini. Alimwonyesha shangazi yake, yaani wifi yangu, na wifi ni mtu ambaye ukimpa kibiriti anatafuta kuni. Ana televisheni bapa sebuleni kwake Bangwe. Siku hiyo hiyo alitangaza kwamba Jumapili inayofuata, saa nane mchana kama zamani, wanawake wa kibandani waliobaki waje kwake, na kaka yake atatafsiri.

"Na safari hii," akasema akinitazama mimi, "tutauona mwisho kwa macho yetu na sisi."

Mume wangu alikuwa anakula. Alimeza tonge akanywa maji. Jioni akaanza kulalamika koo.

Jumanne, wakiwa wametoka wote, niliweka maharage jikoni nikachukua simu ya binti yangu aliyoiacha kwenye chaji. Nikatafuta pale kwenye ngazi. Chini kulikuwa na maandishi ya Kizungu, na mimi Kizungu changu ni cha kusoma maneno matatu na kuacha manne, lakini pale hayakuhitajika. Bibi harusi ananyanyua mguu. Halafu anaurudisha. Anageuka, anapanda juu. Anakaa kando ya daktari. Wanazunguka moto, ndivyo wanavyofunga ndoa kwao. Kijana anapanda treni, anaimba peke yake dirishani. Kisha inaonekana nyumba, na miaka imepita, bibi harusi ana mtoto mapajani, na redio inapiga wimbo wa yule kijana, maana kumbe alikuwa mwimbaji wa redio, hakuwa fundi. Mwanamke anatazama chini. Na daktari, yule yule wa puani, ananyanyuka, anaisogeza redio karibu na mkewe, anatoka nje na kuwaachia wimbo.

Maharage yaliungua. Nilimwambia binti yangu ni jiko.

Nilikuwa na siku tano za kumwambia mume wangu. Jumatano nilisema nitamwambia akirudi. Alhamisi alirudi na machungwa. Ijumaa alitoka msikitini amenyamaza, nami nikajiambia mtu aliyetoka kuswali haharakishwi. Nimejaribu kuandika kwamba nilimhurumia, nikaikata sentensi hiyo mara mbili. Sehemu ilikuwa huruma. Sehemu nyingine nilitaka kuona atafanyaje.

Jumamosi aliniuliza, akiwa amegeukia ukuta akitafuta miwani iliyokuwa usoni. "Hivi wewe unaukumbuka vizuri ule mwisho?"

"Unaousimulia wewe ndio ninaoujua," nikajibu. Huo ni uongo, naukiri hapa.

"Koo linaniuma kweli," akasema.

"Mwambie dada yako."

"Atasema naogopa."

"Unaogopa?"

"Naogopa nini?" Akaipata miwani.

Jumapili tulikwenda Bangwe. Tuliokuwa wa kibandani tulibaki sita, na wajukuu walifukuzwa nje. Wifi alikuwa ametafuta dumu la njano, ameliosha, ameliweka kando ya televisheni yake bapa, na juu yake kitambaa cha kufuma. "Kiti chako, Mtafsiri," akasema. Mume wangu akakaa. Dumu likapiga kelele, na yeye pia kidogo.

Naandika kwa haki: alitafsiri vizuri. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini alipokosa sauti wanawake walimjazia. Mama alipoibiwa kipimo tulimjibia sisi. Daktari alipotokea kwa mara ya kwanza, mume wangu alibana pua kwa vidole kwa sababu koo lilikataa, na jirani yetu mmoja, mwenye ugonjwa wa magoti, alicheka mpaka akaombewa maji. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa namtazama yule daktari kama mtu niliyewahi kumkosea.

Ikafika harusi. Bibi harusi akasimama kwenye ngazi, akanyanyua mguu, na kwa mazoea nadhani wote tulisubiri chenga. Hazikuja. Kioo kikabaki safi, na bibi harusi akageuka, akaanza kupanda.

Mume wangu akaangalia kioo, akaangalia kapeti, akaangalia kioo.

"Anarudi kuchukua viatu," akasema.

"Si huwa anashuka peku?" wifi akauliza.

"Anarudi kuviacha."

Bibi harusi akaingia chumbani, akakaa kando ya daktari. Moto ukawashwa.

"Hii sasa," akasema mume wangu, na nikaona mkono wake unatafuta kitambaa begani ambacho hakikuwepo, "hii ni ndoto. Baba yake anaota."

Tukatazama ndoto. Walizunguka moto mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Ndoto ya namna gani ina wageni wengi hivi?" wifi akasema. "Na wamelishwa."

"Tajiri huota hivyo," mwenye magoti akamtetea.

Treni ikaondoka. Mtoto akatokea mapajani. Mume wangu hakusema kitu tena. Redio ikapiga, daktari akaisogeza, akatoka, maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo, muziki ukaendelea peke yake.

"Kaka," wifi akasema. Hakuongea kwa ukali. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mkali, lakini hakuwa. "Baba mtu ameamka saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka.

"Kaka, wewe si ulituambia uliona kwa macho yako Bujumbura?"

Wakamtazama yeye, halafu mmoja mmoja wakanitazama mimi, kwa sababu wote sita tunajua kwa nini sikwenda Ilagala. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshaandaa, tangu Jumanne nadhani: ningesema picha ziko mbili, Wahindi hupiga miisho miwili, mmoja wa huku na mmoja wa kwao. Nilikuwa nimefika kwenye "ziko."

"Bujumbura sijafika," mume wangu akasema.

"Kipindi kile?"

"Mpaka leo. Sijawahi kufika." Alisema akiangalia viatu vyetu mlangoni. "Boti yenyewe naiogopa. Mkanda ulinifikia ukiwa umeshakatwa. Nilikaa pale juu ya dumu, chenga zikaja, na ninyi mkaniangalia."

Nilimwona amekuwa mtu mdogo juu ya lile dumu, na nikaona kama nisiposema mimi hatasema mtu.

"Mimi ndiye niliyemfuata nje kumwuliza," nikasema. "Nilimwuliza kwa namna ambayo jibu lilikuwa moja. Na picha hii nimeitazama Jumanne, maharage yakaungua. Sikumwambia."

Aligeuka akanitazama. Sijui jinsi ya kuandika alivyonitazama. Hakuwa na hasira. Ilikuwa zaidi kama fundi anayefungua redio na kukuta mtu mwingine ameshaifungua.

"Nani humu alitaka bibi harusi apande?" nikauliza wenzangu. Nilidhani nimesema neno zuri.

"Mimi," akasema wifi. "Tangu zamani. Daktari alikuwa na gari. Nilikuwa nanyamaza tu kwa ajili yenu."

Hapo ndipo walipocheka, mwenye magoti akadai maji tena, na mtu mmoja akasema kwamba kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tunalilia kioo kibovu. Lakini hakuna aliyenyanyuka kuondoka. Wifi akamwita binti yangu aliyekuwa uani. "Hebu njoo urudishe hii picha. Pale kwenye ngazi. Isimamishe hapo mguu ukiwa juu."

Binti akarudisha, akasimamisha. Bibi harusi akabaki na mguu hewani.

"Haya, Mtafsiri," wifi akasema. "Malizia."

"Nimalizie nini, dada? Si mmeuona?"

"Ule tumeuona. Malizia wa kwetu."

Alikohoa. Akasogea mbele kwenye dumu. Akaanza, kwa sauti ile ya kukwaruza, na pale sauti ilipokatika wanawake waliendelea, viatu vikabaki juu, ngazi moja, ngazi ya pili. Wawili walilia. Mimi sikulia, nilikuwa nasikiliza kwa makini sana, na ndiyo maana najua kuna kitu alibadilisha. Alipofika kwa daktari hakubana pua. Alimpa sauti ya kawaida ya mwanamume. Daktari akasimama, akasogeza kiti bibi harusi apite vizuri, akasema, "Angalia usijikwae." Halafu mlango ukafunguliwa.

Hakuna aliyemwuliza hilo amelitoa wapi.

Tulirudi kwa miguu, kwa sababu alisema anataka kutembea. Njiani wanawake wawili tusiowafahamu walimsalimia, mmoja akasema, "Shikamoo Mtafsiri," naye akaitika marahaba kama kawaida, akichelewa kidogo tu. Tulifika karibu na nyumbani ndipo akaongea.

"Wewe ungepanda?"

Nilifikiri kwa haki. Nilifikiria mitumbwi miwili, shati zuri lenye udongo wa kaburi la mama, wazee wa Kiha wakipiga makofi kwenye kibaraza chetu, watoto wanne, maharage. Jibu la kweli silijui, hata sasa ninapoandika silijui.

"Ningepanda," nikamwambia. "Kuchukua viatu."

Alicheka hadi koo likamshika, akasimama katikati ya njia ameinama, nami nikampiga mgongoni mpaka alipopata pumzi.